Visiki vya Mibuni ya Babu

Jumamosi, Kirua Vunjo

Sikuamini mpaka nilipogusa kwa kidole. Visiki vya kahawa vimechipua.

Baba alipoikata mibuni ya marehemu Babu hadi usawa wa goti, Bibi aliona kama mumewe anazikwa mara ya pili. Baba alimweleza kuwa mbuni uliochoka hukatwa hivyo ili uzae upya. Tangu hapo Bibi anazungumza na mwanawe kupitia kwangu, hata wakati wa kula. "Mwambie baba yako chumvi ile pale." Baba anasema mama yake ni kisiki cha mpingo. Mimi nimekuwa nikiogopa kwamba Krismasi itatukuta hivihivi, ndugu waje kutoka Dar wakute nyumba imenuna.

Leo nilikwenda migombani, katikati ya mibuni ile, kukata majani ya ng'ombe. Kwenye lile gome kavu la visiki, ambalo nilishaliona limekufa kabisa, machipukizi mengi laini yalikuwa yanang'aa. Yalikuwa yamejificha wapi? Nilisimama kama niko kanisani.

Nikamleta Bibi. Alikipapasa kisiki kimoja muda mrefu. Nikamwambia tulivyofundishwa shuleni, kwamba huachwa machache yenye nguvu na mengine huondolewa.

"Usiguse, mwalimu wangu," akasema. "Utaondoa lile zuri."

Halafu akageukia nyumbani, akaita mwenyewe kwa sauti iliyofika kwa jirani: "Mwanangu! Njoo na kisu tuchague."

Baba alikuja mbio, sabuni bado iko usoni.