Kaka, Sasa Wanaisifu Bangi

Kaka Bakari,

Jana nimelisikia jina lako kinywani mwa mtu nisiyemtarajia. Bwana Hamza, muuza vitambaa wa mtaani kwetu. Ndiyo, yule yule aliyewaongoza askari mpaka mlangoni petu kwa ajili ya msokoto mmoja wa bangi.

Alikuja alasiri, akabisha hodi kwa adabu zote. Mama akamtilia kahawa. Mimi sikuketi. Mtu hafungui mkoba mezani kwa watu kama amekuja kuwajulia hali tu.

"Dadangu," akaniambia, "bangi si ile tena. Wenzetu wa nje waifanya dawa. Ikihalalishwa hapa, serikali itapata kodi, mkulima atauza mchana kweupe, vijana watapata kazi, na jela hazitajaa watoto wa maskini."

Kaka, niliutafuta uongo katika maneno yale, sikuuona. Hapo ndipo nilipozidi kumshuku. Yote ni kweli, nawe ndiwe ushahidi. Ulitoka jela na kikohozi. Kazi ya kreni bandarini ulikuwa umefaulu mtihani wake, ikabaki cheti cha tabia njema, nacho kikaja kimeandikwa kosa lako. Nakumbuka ulivyokirudisha ndani ya bahasha, ukalamba gundi, ukaifunga vizuri, kana kwamba ni barua ya mtu mwingine. Kisha ukaenda sokoni Marikiti kubeba magunia na kifua kile. Kifua kile, kaka.

Bwana Hamza akatoa karatasi. Yeye na wenzake wana kampuni tayari, na shamba bara. Walitaka picha yako na saini ya Mama. "Kisa cha Bakari kitawagusa wakubwa."

Nikamuuliza, waliofungwa watafutiwa makosa yao?

"Hilo baadaye, inshallah."

Na wanaouza misokoto leo, watapewa leseni?

"Mwenye rekodi hawezi, dadangu. Biashara hii yataka watu safi."

Watu safi! Mama akaweka kikombe chini. Unamjua, mgeni hamkaripii. Akasema polepole, "Mwanangu umemtia doa akiwa hai, leo wataka akupigie debe akiwa kaburini? Chukua karatasi yako."

"Nilikuwa nalinda mtaa, Mama," akajibu. Akaondoka bila kumaliza kahawa.

Usiku sikulala vyema. Nilijishuku hata mimi: je, nakataa haki au namkataa Hamza? Maana sheria ikibaki kama ilivyo, kesho atachukuliwa ndugu wa mtu mwingine. Na ikibadilika kwa matakwa ya Hamza, aliyefungwa atabaki nje ya lango la shamba, akitazama.

Basi asubuhi nimeandika karatasi yangu. Ihalalishwe, ndiyo. Lakini kwanza rekodi zifutwe, na leseni za mwanzo wapewe walioumia. Mama amevaa miwani, akanisahihisha herufi mbili, akatia saini.

Jumatatu kuna kikao cha kukusanya maoni juu ya sheria hiyo, Makadara. Naambiwa Bwana Hamza atakaa safu ya mbele. Nakuahidi nitasimama, nikutaje jina lako kamili na la baba, nieleze nani alikuja mlangoni na nini kilifuata. Sauti ikinitetemeka, itetemeke. Hakuna atakayekusimulia kwa faida yake nami nimekaa kimya.

Pumzika, kaka. Mola akurehemu.

Nduguyo,
Zuhura