Magurudumu Yamenyooka Mno

Mjukuu wangu Anita,

Marahaba. Huku Chala baridi imeshaingia. Babu yako anakohoa, ila ugali anamaliza.

Nimeiona picha ya gari la maboksi alilobuni Deo wako. Unauliza umleeje azidi kuwa mbunifu. Mbona magurudumu yamenyooka hivyo, na mtoto yuko chekechea? Nakushuku wewe, mama yake, ndiye uliyeyanyoosha.

Utotoni nilikuwa nafukuza ndege kwenye ulezi. Nikaunda kitu cha mabua na makopo, upepo ukivuma kipige kelele. Kikaanguka. Baba alikiona, akaendelea kung'oa maharage. Nikashuku hanipendi. Nikaunda cha pili, nacho kikaanguka. Cha tatu kilipolia, akaja mbio: “Nitengenezee na mimi!”

Deo anitumie lile gari lake lililopinda, aliloliunda mwenyewe kabla hujalinyoosha, kama hujalitupa.

Bibi yako