Upindo wa Kulia

Jumatano

Sketi zote zinaning'inia kulia. Tangu nifanyiwe upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo, hakuna inayonikaa sawa, na Jumatatu narudi kazini gazetini mradi niweze kusimama dakika ishirini bila kuegemea kitu. Sharti hilo ni la mtaalamu wa mazoezi.

Leo nilizipeleka Kenyatta Market kwa Mama Mutheu, fundi wangu wa miaka kumi na tano. Alipiga magoti kupima upindo, akacheka.

"Sasa nitatoa ile nyongeza yangu, madam."

"Nyongeza gani?"

"Huku kulia nilikuwa nakata refu kidogo, ndio isipande. Mgongo ulikuwa unavuta."

"Na hukuniambia?"

"Ai! Si wewe ndio wa kuuliza watu maswali?"

Miaka yote hiyo niliamini hakuna aliyeona kuwa nimepinda. Ofisini sikumwambia mtu hadi wiki ya upasuaji.

Aliendelea kuchomeka pini. Nilidhani nimesimama vizuri. Dakika ya kumi na moja ya kusimama alinisogezea kiti, na sikuwa nimeomba. Nilikaa.

Jioni nimemwandikia mhariri kwamba Jumatatu siji.