Minyororo Niliyoichagua Mwenyewe

Dada Hilkka,

Habari za huko mjini? Huku mbwa amezaa watano, na mimi sasa ni dereva wa mashine ya kubebea magogo. Cheka tu, lakini ni kweli.

Jumanne theluji mpya ilifika magotini. Mzee Taavetti akasema tufunge matairi minyororo yenye meno. Mizito ajabu! Nikamwambia, "Mzee, theluji laini hivi meno ya nini? Mbona wewe huna hata moja na unakula?" Wakata miti wote wakaangua kicheko. Akajibu, "Haya, bwana mkubwa. Lakini hapa anayechagua minyororo ndiye anayeteremka mlima na mzigo wa kwanza."

Nikafunga ile myepesi, nikapanda kwenye usukani kwa mbwembwe, nikaanza kuteremka na magogo. Katikati ya mteremko ndipo nilipoikumbuka mvua ya wiki iliyopita. Chini ya theluji ilikuwa barafu tupu. Nikakanyaga breki, matairi yakasimama, mashine ikaendelea. Na kule chini baba alikuwa amechutama akichemsha kahawa, masikio kayaziba kwa ajili ya kelele za misumeno. Nilipiga ukelele hadi sauti ikakauka. Msonobari ndio uliotuzuia, hatua nne tu kutoka kwake.

Mama asijue, tafadhali. Baba hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo nimefunga yenye meno, nikashuka tena. Baba alitangulia kwa miguu mbele ya mashine, mgongo kwangu, hadi chini kabisa. Hakugeuka hata mara moja.

Mdogo wako,
Veikko