Kiti cha Nyuma cha Peugeot

Jumapili, 6 Julai

"Kitu cha starehe hakimchoshi mtu. Ukiona kimekuchosha, jua hukuwahi kukipenda."

Hayo ni maneno ya shemeji yangu Wahome, leo mezani baada ya kanisa, mdomo umejaa chapati za nyumba yangu. Nilimjibu papo hapo, lakini vibaya, kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa nimjibu vizuri, hapa ambapo hawezi kunikatiza.

Upuuzi! Kisichopendwa hakiwezi kumchosha mtu hivi. Kisichopendwa unakiacha tu, unaenda zako, unalala usingizi. Waimbaji wa kwaya hukauka sauti wiki ya Pasaka – ni kwa sababu hawapendi kuimba? Mama wa bibi harusi huanguka kitandani harusi ikiisha – hakumpenda binti yake? Na Wahome mwenyewe, anayependa siasa kuliko nyama, si alizima redio baada ya uchaguzi akakaa bila habari mpaka mahindi yakavunwa? Hakuwa ameacha kupenda. Alikuwa ameisha, kama betri. Na betri ikiisha hakuna mtu anayesema haikuwahi kuwa na moto.

Hapo nimemmaliza.

Ila swali linabaki, na humu hakuna wa kupigiwa kelele. Kama ninaipenda hii Peugeot, mbona tangu Pasaka sijaifunua turubai?

Tuliinunua mimi na Wangari katika shamba moja Moi's Bridge, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. 504, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Siku ile nilimwahidi nitampeleka nayo kwa mama yake, Timboroa. Hiyo ni miaka mitatu sasa. Injini nimeifungua na kuifunga kwa mikono yangu, na iko mahali pake. Yaliyobaki ni madogo: waya, breki, radiata, viti vya mbele. Haya madogo ndiyo yameniua. Jana nilichukua spana, nikasimama mbele yake. Mikono ikawa mizito. Nikarudi ndani nikamwandikia mhariri barua kuhusu mashimo ya barabara. Barua nzuri sana.

Basi nimekubali. Wahome ana mteja, kule kule Moi's Bridge. Jumamosi analeta lori kuichukua. Tulipatana getini, Wangari akiwa jikoni. Bado sijamwambia.

Jumanne, 8 Julai

Mungai ametuma picha kwenye grupu letu la wenye Peugeot. Yeye, mke, watoto, wote wameegemea 504 yake, wanakula mahindi choma. Ndani ya ile Peugeot kuna injini ya Toyota.

Mwaka juzi nilimwandikia Mungai hapo hapo kwenye grupu, hoja juu ya hoja. Kwamba anayeweka injini ya Toyota kwenye Peugeot amebaki na ganda tu. Kwamba tukianza na injini tutaishia na heshima. Watu walinipigia makofi kwa vidole vyao. Na tangu siku ile sina uhuru! Nati ikipotea siwezi kuokota ya Nissan. Pampu ya petroli niliiagiza ng'ambo, nikangoja mpaka nikasahau nilichokuwa nangojea. Ilifika – halisi, imefungwa kwa karatasi kama keki. Niliifunga bila furaha yoyote.

Gari la Mungai, la aibu, linaenda kununua mkate. Langu, safi kama sala, halijawahi kutoka getini.

Hata hivyo amekosea. Kimsingi amekosea!

Wangari bado sijamwambia. Kesho.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nilienda kuifunua nimpigie mteja picha. Baridi ya Julai, manyunyu tangu asubuhi, kisha mwanya wa jua saa za alasiri. Nikakuta turubai limeshainuliwa upande mmoja, ule wa jua. Ndani, kwenye kiti cha nyuma – mke wangu. Ametoa viatu. Blanketi ya Maasai magotini, thamosi ya chai imeegemea mlango, insha za darasa la saba mapajani, kalamu nyekundu mkononi.

"Funga mlango, Baba Jerop, baridi inaingia."

Niliingia nikafunga. Ndani palikuwa na joto! Jua lilikuwa limepiga vioo na kile chumba kidogo kikawa kama jikoni. Harufu ya chai na ya viti vya zamani.

Nikamuuliza, unafanya nini humu? Akasema anasahihisha. Tangu lini? Tangu shule zifunguliwe. Kila siku jua likitoka. Ndani ya nyumba kuna baridi, na kuna mimi nikibishana na redio.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenipa historia ya kiti."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia kitambaa kile kilifumwa wapi. Nikaufunga.

Halafu nikamwambia: nimeiuza. Lori linakuja Jumamosi.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, kelele ninaijua, ninaijibu. Alifunga kifuniko cha thamosi polepole. Akasema alidhani nimepumzika tu. Akasema mama yake huuliza kila Jumapili kwenye simu, hiyo Peugeot bado imelazwa hospitali? Naye humjibu: bado, lakini daktari ni mume wangu.

"Wewe ulitaka gari ya kushinda watu," akasema. "Mimi nilitaka ya kukaa."

Akavaa viatu akaingia nyumbani. Nilibaki pale mpaka vioo vikapoa.

Ijumaa, 11 Julai

Nimempigia Wahome asubuhi. Nimeandika hapa tulivyosemezana kwa sababu sitaki kusahau.

"Shemeji, mwambie mtu wako asilete lori."

"Ati nini? Kigen, si tulishikana mikono!"

"Nimebadilisha."

"Na mimi nimwambie nini huyo mzee? Ameshatafuta dereva!"

"Mwambie kuna mtu anakaa ndani."

Akaangua kicheko kile chake cha dukani, cha mtu anayeuza misumari siku nzima. "Ni Wangari, eeh? Hata tukiwa watoto Timboroa alikuwa anajificha kwa tingatinga ya jirani kusoma. Tulikuwa tunamtafuta mpaka ng'ombe wanarudi."

Miaka yote ya ndoa na hilo sikulijua! Nimesoma vitabu ukuta mzima, na habari za mke wangu ninaletewa na muuza misumari.

Akaongeza, hakuweza kujizuia: "Lakini si ulisema imekuchosha? Basi huipendi!"

Nikakata simu. Nitamshinda siku nyingine.

Wangari nilimwambia jioni. Alisema "sawa" tu, akaendelea kukata mboga za sukuma. Lakini nyembamba sana, vile hukata akiwa na furaha.

Jumatatu, 14 Julai

Tumepata utaratibu. Hatukuupanga, umejitokeza.

Wangari akirudi kutoka shule anaingia kiti cha nyuma, anafungua thamosi. Thamosi ikifunguka, ninashika spana. Anasahihisha, ninafunga. Thamosi ikifungwa, ninaacha – hata kama nati iko nusu. Hata kama ni nati moja! Leo ilikuwa moja kweli, ya breki, na akafunga nikiwa katikati. Nikasema, ngoja kidogo. Akasema, kidogo yako naijua, huishia usiku na matusi.

Nikaiacha nusu. Ilinikera. Nimelala – hapana, bado sijalala, niko mezani – lakini nataka kesho ifike niimalizie. Sikumbuki mara ya mwisho nilipotaka kesho ifike kwa ajili ya ile gari.

Grupu nimelinyamazisha. Hakuna picha. Hakuna maoni ya mtu.

Jumatano, 16 Julai

Mvua. Jua halikutoka, Wangari akaja hivyo hivyo, na blanketi mbili.

Nikiwa chini ya usukani na waya, akanisomea sentensi ya mwanafunzi. "Gari la mjomba wangu ni zuri kwa sababu linafika." Akaipa alama ya vyema.

Nikapinga kutoka chini. Hoja dhaifu! Punda pia hufika. Jeneza pia hufika. Uzuri na kufika ni mambo mawili –

"Baba Jerop, huyu ana miaka kumi na miwili."

"Ndiyo umri wa kurekebishwa!"

Akacheka mpaka akamwaga chai kwenye kiti. Kile kiti! Nilikitafutia kitambaa mpaka Nakuru. Nikangoja hasira ije. Haikuja. Nikampa kitambaa cha kufutia mikono, chenye grisi, doa likawa kubwa zaidi. Sasa kiti kina alama yake.

Taa zinawaka. Zote isipokuwa moja.

Jumapili, 20 Julai

Wahome amekuja na radiata. Ya Nissan pikapu. Ameileta imefungwa kwa gunia kama mtoto wa kuibwa, akaiweka chini mbele yangu. Yangu halisi inavuja. Imechomelewa mpaka haina pa kuchomelewa, na ya kuagiza haipatikani.

Nilianza. Nikasema leo radiata, kesho injini, kesho kutwa sote tunaendesha kitu kisicho na jina. Nikasema mambo kuhusu uaminifu. Nilikuwa katika hali nzuri, maneno yalikuwa yanakuja yenyewe.

Wahome alisimama amekunja mikono. "Maliza, shemeji. Niko na wakati, leo duka nimefunga."

Wangari akatoa kichwa dirishani. Hakuniambia niikubali. Aliuliza tu: "Hiyo yako halisi ikichemka Burnt Forest, njia ya Timboroa, nani atashuka kutafuta maji? Wewe au mimi?"

Nikatazama zile radiata mbili. Moja yangu ya haki, inayovuja. Moja ya Nissan, iliyo nzima. Na mke wangu dirishani, mwenye doa la chai.

"Leta spana namba kumi na tatu," nikamwambia Wahome.

Haikuingia vizuri. Tulikunja vyuma, tukatoboa, tukatukanana kwa Kiswahili, yeye akamaliza kwa Kikuyu na mimi kwa Kinandi, na hakuna aliyeumia. Imekaa. Nimesimama pale nikingoja kujiona msaliti. Niliona njaa tu. Tukaenda kula.

Ila wazo linabaki langu: kimsingi nilikuwa sahihi. Nimeandika hapa ili lisipotee.

Alhamisi, 24 Julai

IMEWAKA!

Moshi, kelele, paka wa jirani juu ya mti – imewaka! Wangari aliacha insha zikaanguka zote matopeni. Alama nyekundu zimetapakaa, watoto watapata matokeo ya ajabu.

Tulikaa ndani tukiisikiliza tu. Ina sauti ya mzee anayekohoa kwa raha. Wangari akafunga thamosi, nami nikazima. Nilitii!

Jumamosi tunaenda Timboroa. Ameshampigia mama yake. Mama Wahu amesema haamini mpaka aguse boneti.

Jumamosi, 26 Julai

Ninaandika juu ya usukani.

Tulitoka nyumbani Kimumu mapema. Wangari amekataa kiti cha mbele. Nimekifunga jana, kipya, kizuri. Amesema chake ni kile cha nyuma. Kwa hiyo nimemwendesha mke wangu kama waziri, watu wakitupungia mkono barabara nzima. Honi inalia. Breki zinashika. Radiata ya Nissan – lazima niandike ukweli – haijapanda joto hata nukta, na mlima wote huu.

Halafu hapa, Timboroa ikiwa juu tu ya kilima, miti ya msituni inaonekana kwenye ukungu, gari likakohoa. Likakata. Nikalisukuma kando kwa bega.

Nimeangalia. Si radiata. Si waya. Ni pampu ya petroli. Pampu halisi! Ile ya ng'ambo, iliyokuja kwenye karatasi kama keki! Imepasuka ndani, haivuti tone. Kitu pekee katika gari hili ambacho hakuna mtu angeweza kunilaumu nacho.

Nilirudi ndani nikakaa. Nikangoja ule uzito wa Pasaka uje mikononi. Niliungoja kwa makini, maana nazijua njia zake. Nyuma yangu nikasikia thamosi inafunguliwa.

"Unaona?" Wangari akasema. "Tumekaribia sana."

Amenipa chai kwenye kifuniko. Anasahihisha. Vioo vimejaa mvuke wetu, nje hakuonekani. Mama yake amepiga simu, ameambiwa tuko karibu. Ameuliza karibu ya wapi, Wangari akasema karibu ya wewe. Dereva wa lori la mbao amesimama akauliza kama tunataka kuvutwa. Nimemwambia tunangoja watu wetu.

Nasi tunawangoja kweli. Grupu nimelifungulia sauti, na Wahome nitamtumia kando. Mtandao hapa unakuja na kwenda, kwa hiyo ujumbe nimeuandika kwanza humu, ninavyoandika kila kitu, nisije nikakosea. Ni huu:

Wahome na Mungai. Tuko kando ya barabara, chini kidogo ya Timboroa, upande wa kushoto. Tokeni sasa hivi. Leteni pampu ndogo ya umeme, ya gari lolote. Nimesema lolote. Ndiyo, Mungai, hata Toyota. Na mkifika msiseme neno mpaka tufike kwa Mama Wahu. Hapo semeni yote, nitawajibu mmoja mmoja. Mlango wa nyuma mgonge polepole. Kuna mtu anasahihisha.