Sarafu za Shangazi na Kasha la Mkulo

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimefungua kasha. Mungu wangu! Sarafu za shangazi Raheli zimeharibika. Hela za shaba zimeota ukijani, rupia za fedha zimekuwa nyeusi tii. Miezi minne tu! Miaka yote zilikaa ndani ya kipande cha kanga, hazikudhurika. Ni mimi niliyejitia kimbelembele nikamwambia — kanga si mahali pa kuweka vitu vya ukoo, shangazi, nitakuchongea kasha la mkulo, ule mti wa harufu kali, wadudu hawasogei.

Kumi na moja, zote za Mjerumani. Kila moja ni ya marehemu wetu mmoja, ina alama yake iliyochorwa kwa ncha ya kisu. Shangazi haoni tena, anawajua kwa kidole gumba. Na Jumapili mjukuu wangu anabatizwa, anapewa jina la Modesta, bintiye shangazi, aliyefariki akiwa na miaka sita. Kwetu mtoto hushikishwa sarafu ya mwenye jina. Shangazi atamshikisha mwenyewe.

Jumanne, 15 Julai

Nimefanya ujinga. Nilichukua msasa laini, ule wa kumalizia meza, nikaisugua rupia ya Modesta. Kidogo tu, nione. Ikang'aa! Nikageuza upande wa pili, nikasugua na huko. Alama hakuna. Nimepitisha kidole sijui mara ngapi — laini kabisa. Nimemfokea mke wangu bure, alikuwa ananiletea chai.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda mjini Soni, kwa mwalimu Tobia, mstaafu anayekusanya sarafu za zamani. Alinusa kasha, akatikisa kichwa. Eti harufu ile ile ninayoisifia kwa wateja ndiyo inayozila sarafu. Tena nilizifungia vanishi haijakauka vizuri, na ukungu huu wa Julai! Zake anazifunga moja moja kwenye karatasi, halafu kwenye droo za mbao kuukuu, kavu, isiyo na harufu wala rangi. Nilipotaja msasa akalifunga kasha. Akasema sarafu ya zamani haisuguliwi, hata kwa kitambaa.

Nimerudi nimezitoa zile kumi, nimezifunga kwenye karatasi. Alama zake bado zipo. Lakini ile moja!

Ijumaa, 18 Julai

Nitaichora upya. Sasa alama ilikuwaje? Mistari miwili na nukta? Mitatu? Sikuwahi kuitazama vizuri. Nimempigia kaka Mika, yuko Bumbuli, naye hajui. Anayejua ni shangazi peke yake, na kumuuliza ni kukiri.

Jumamosi, 19 Julai

Nimekwenda. Shikamoo shangazi. Marahaba mwanangu. Haki ya Mungu nilikwenda kusema ukweli! Mdomo ukakataa. Nikasikia nasema nataka kujifunza alama zote, nije niwafundishe watoto.

Alifurahi mpaka akalia. Akanishika kiganja, akanichorea moja moja kwa ukucha, kila moja na jina lake, mwanangu hivi, mwanangu vile. Ya Modesta ni mistari miwili imesimama, na mmoja mfupi umelala chini yake. Alisema aliichora siku ya mazishi, mkono ukimtetemeka.

Nimeichora kwa msumari. Mimi mkono haukutetemeka hata kidogo, mistari imenyooka kama ya rula. Mshenzi mkubwa mimi.

Jumapili, 20 Julai, saa mbili asubuhi

Shangazi amefika kabla ya ibada. Amekaa sebuleni, mtoto mapajani. Akaomba sarafu, nikampa. Akapitisha kidole gumba. Akapitisha tena, polepole. Tabasamu likamtoweka usoni. Ndugu waliokusanyika wanaimba, hawajaona kitu.

Akasema, Sefania, watoe watu nje, mtoto mwache hapa hapa. Wametoka. Nami nikasema ngoja nikuletee kiti kizuri, nikakimbilia huku karakana. Kiti gani? Kizuri ndicho alichokalia!

Kengele ya kwanza imelia. Mke wangu Esteria yuko mlangoni, anauliza nimemfanya nini shangazi. Namsikia shangazi ananiita. Si mwanangu, wala si Sefania — ananiita fundi.