Jumapili Nilizomnyima Wakesho

Thika, Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Kwa wiki nyingi nimekuwa nikijiuliza: je, mtu aweza kumtendea nduguye wema, na kwa tendo lilo hilo akamdhulumu? Lakini kwanza pokea salamu zangu. Miguu yako yaendeleaje na baridi ya huko Taita? Sisi tu wazima. Mwakio sasa anakimbia.

Habari za Wakesho ndizo nzito. Wajua kwamba nyumba ile ya Ruiru anakofanya kazi, kule kwenye mashamba ya kahawa, hairuhusu yaya kukaa na mwanawe; ndiyo maana Mwakio yuko kwangu hapa shuleni ninakofundisha. Mdogo wangu huamka kabla ya jua, hulala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto wa memsahibu, na hupewa Jumapili moja kila baada ya wiki mbili. Siku hiyo alikuwa akipanda garimoshi kuja kumwona mwanawe.

Kila alipoondoka, Mwakio alilia siku mbili na kukataa uji. Kwa vitabu nilivyosoma Kampala, nikaamua kwamba mtoto ahitaji utulivu. Nikamwambia Wakesho, "Usije kwa muda, azoee."

"Wewe ndiye msomi, dada," akasema, akatii. Miezi mitatu.

Leo amekuja. Mwakio akajificha nyuma ya sketi yangu. "Mama, nani huyu?" akaniuliza mimi.

Wakesho akacheka. "Mwambie ni yaya wa Wazungu. Mtoto wao halali mpaka anishike sikio."

Kisha akanywa chai kama mgeni, asiongeze sukari mpaka nilipomkaribisha. Alipoinuka akasema, "Mwisho wa mwezi nitaomba ruhusa nimpeleke kwa Mama. Huko ataambiwa mimi ni nani."

Basi mpokee Mwakio, Mama, na umfundishe jina la Wakesho kabla ya langu. Nisalimie shangazi aliyetulea, na mjomba fundi seremala, ambaye najua atamchongea mjukuu kigari.

Mtoto kweli alikuwa akilia, na kweli alinyamaza. Lakini siku aliponiita mama kwa mara ya kwanza sikumsahihisha. Tangu hapo sijui kama nilimzuia Wakesho kwa ajili ya mwanawe au kwa ajili yangu. Awezaye kushuhudia ni mimi peke yangu, nami sijiamini.

Mwanao akupendaye,
Mghoi